Kauri, Chokaa na Majivu: Istilahi za Utando wa Kioo katika Ufinyanzi kwa Mfano wa Malighafi za Wazo, Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna chombo cha udongo kinavyovikwa tabaka la kioo kwa malighafi za kuokotwa, yaani chokaa, mchanga, udongo na majivu. Mfano wake mkuu ni eneo la Wazo na vitongoji vya jirani katika Wilaya ya Kinondoni. Inadaiwa kwamba Kiswahili kina majina ya karibu kila malighafi na kila tendo linalohusika, lakini hakina istilahi iliyotulia ya tabaka lenyewe. Pengo hilo huzibwa kwa kitenzi kung'arisha na nomino rangi, na vyote viwili vinampotosha mwanafunzi wa ufinyanzi na msomaji wa historia ya pwani. Makala yanapendekeza istilahi mbili badala ya moja: uji kwa mchanganyiko kabla ya moto, na utando wa kioo kwa kile kinachobaki baada ya moto.

1.0 Utangulizi

Barabara ya Bagamoyo inapotoka Dar es Salaam kuelekea kaskazini hupita Tegeta, na hapo ndipo kinapoonekana kilima cha Wazo, jina ambalo mwanaisimu hawezi kulipita bila kutabasamu. Kilima hicho ni cha mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale, na tangu 1966 mawe yake yanasagwa na kuchomwa katika kiwanda cha saruji kilichojengwa hapohapo. Kilomita chache upande wa bahari yapo magofu ya Kunduchi: msikiti wa mawe, na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa mabakuli ya kauri ya Kichina yaliyopachikwa kwenye plasta. Upande wa pili wa jiji, katika vilima vya Pugu kuelekea Kisarawe, kuna hazina kubwa ya udongo mweupe unaoitwa kaolini.

Mawe ya chokaa, udongo mweupe na mabakuli ya Kichina kwa kawaida husomwa na watu wa fani tofauti. Mjiolojia huyaandikia mawe, mwanaakiolojia huandikia mabakuli, na mtaalamu wa Kiswahili huachiwa maneno. Hata hivyo, malighafi za Wazo na Pugu ni za jamii ileile iliyowawezesha wafinyanzi wa China kutengeneza ule uso laini unaong'aa kwenye mabakuli ya aina iliyopachikwa Kunduchi. Swali la kiisimu linalojitokeza ni hili: uso huo unaitwaje kwa Kiswahili? Mzungumzaji aliyeulizwa ghafla atasema rangi, au mng'aro, au atasema tu kwamba chombo ni cha kauri. Kila jibu lina sehemu ya ukweli, na hakuna linalomwezesha mtu kufundisha kazi hiyo.

2.0 Nyanja mbili za msamiati

Msamiati wa vyombo vya udongo katika Kiswahili umegawanyika katika nyanja mbili ambazo hazigusani sana. Ya kwanza ni ya ufinyanzi wenyewe, na kiini chake ni cha Kibantu. Kitenzi kufinyanga kina uhusiano wa wazi na kufinya, yaani kubana kwa vidole, na kinaeleza hasa kile ambacho mikono ya mfinyanzi hufanya. Kuumba, ambacho leo kimepanda daraja hadi kumhusu Muumba, kina asili katika mzizi wa Kibantu uliomaanisha kufinyanga vyungu, na katika lugha kadhaa ndugu mzizi huo bado una maana hiyo ya udongo. Chungu, mtungi na gae ni vya nyanja hiyo. Joko, mahali pa kuchomea vyungu, linatokana na kuoka.

Nyanja ya pili ni ya vyombo vilivyokuja kwa jahazi. Sahani na birika yana asili ya Kiarabu. Sinia lina hadithi ya pekee: Kiarabu kiliita chombo hicho kwa jina la China, kana kwamba kusema "cha Kichina", lakini neno lilipotulia katika Kiswahili lilikwenda kwenye chombo kipana cha bati au shaba ambacho hakina udongo ndani yake hata chembe. Uchina uliotoweka katika sinia ulibaki mahali pengine, katika neno kauri.

Kauri ni neno lenye maana mbili. Kwanza ni kombe dogo la baharini lenye mgongo laini, ambalo pia huitwa simbi, na ambalo liliwahi kutumika kama fedha katika sehemu nyingi za Afrika na Asia. Neno hili lina asili ya Kihindi. Pili ni udongo mgumu mweupe wa Kichina na vyombo vyake: kikombe cha kauri, bakuli la kauri. Uhusiano wa maana hizi mbili ni wa kisitiari, kwa kuwa bakuli linang'aa kama mgongo wa kombe. Linalostahili kusimamiwa kidogo ni kwamba Waitaliano walifanya vivyo hivyo. Jina lao la kombe la kauri, porcellana, ndilo walilolipa udongo wa Kichina, na kutoka kwao likaenea katika lugha nyingi za Ulaya. Watu wa bahari mbili tofauti walipokabiliwa na kitu kisichokuwa na jina walikwenda ufukoni, wakaokota kombe lilelile.

Sitiari hiyo ina udhaifu mmoja kwa mtu anayetafuta istilahi. Kauri hutaja chombo kizima: mwili wake mweupe pamoja na uso wake unaong'aa. Haitenganishi kimoja na kingine. Kwa hiyo Kiswahili kilipata jina la bidhaa bila kupata jina la hatua iliyoitengeneza, jambo ambalo ni la kawaida kwa bidhaa ya kununuliwa. Kigae nacho kimesafiri katika njia inayofanana. Gae lilikuwa kipande cha chungu kilichovunjika, kama inavyosikika katika methali Mfinyanzi hulia gaeni. Leo vigae ni vile vya sakafuni na vya ukutani, vyenye uso wa kioo, vinavyotengenezwa viwandani Mkuranga na Chalinze na kuuzwa kando ya barabara zote kubwa za Dar es Salaam. Mtu anaweza kuishi juu ya tabaka hilo la kioo kuanzia sebuleni hadi bafuni na bado akakosa neno la kuliita.

3.0 Kitenzi kimoja, kazi tatu

Katika maelezo ya Kiswahili kuhusu ufinyanzi, kitenzi kinachobeba mzigo wote ni kung'arisha. Mzigo huo ni wa kazi tatu zisizofanana.

Kazi ya kwanza hufanywa kabla ya moto. Chungu kikiwa kimekauka nusu, mfinyanzi hukisugua kwa kokoto laini, kwa mbegu ngumu au kwa kipande cha kibuyu. Chembe za udongo hulala upande mmoja na uso hupata mng'aro. Pengine chungu hupakwa kwanza udongo mwekundu wenye chuma, jamii ya ngeu, kisha husuguliwa. Bakuli nyekundu za namna hii zimepatikana katika miji ya kale ya pwani, ikiwemo Kilwa. Hakuna kitu kilichoyeyuka hapa. Ni udongo juu ya udongo.

Kazi ya pili hufanywa chombo kinapotoka jikoni kikiwa bado cha moto. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki chungu hunyunyiziwa au hupakwa maji ya magome au ya majani, au hupikiwa uji kwanza, ili vitundu vyake vizibe. Uso huwa mweusi au wa kahawia na hung'aa kiasi. Kilichobaki juu yake ni mabaki ya mimea, na kwa matumizi ya muda mrefu hupungua.

Kazi ya tatu ndiyo mada ya makala haya. Mchanganyiko wa unga wa mawe, udongo na majivu hukorogwa kwa maji, chombo huchovywa humo, kisha huchomwa kwa joto kubwa kiasi cha kuuyeyusha mchanganyiko huo. Ukipoa huwa kioo halisi, kilichoshikamana na mwili wa chombo. Hakibanduki kwa kucha wala hakiloweki kwa maji.

Kitenzi kimoja kinapozitaja kazi hizi zote, makosa ya aina mbili hufuata. La kwanza ni la kihistoria. Ikiandikwa kwamba wafinyanzi wa pwani "hawakujua kung'arisha vyombo", sentensi hiyo ni ya uongo kwa maana mbili na ya kweli kwa moja tu, na msomaji hana njia ya kujua ni ipi. La pili ni la darasani. Mwanafunzi akiambiwa "paka rangi ya kung'arisha", anaelewa kitu kinachopakwa na kukauka kama rangi ya ukutani. Hatatarajia kwamba unga wa kijivu utageuka kijani, wala kwamba utachuruzika na kuliganda rafu la tanuri iwapo umepakwa mzito, wala kwamba unga usioyeyuka vizuri unaweza kuachia madini yake katika chakula chenye ndimu. Hili la mwisho si jambo dogo. Risasi huyeyusha mchanga kwa joto la chini na kwa urahisi mkubwa, na katika nchi mbalimbali wafinyanzi na walaji wamedhurika kwa sababu yake. Mtu anayedhani anapaka rangi hana sababu ya kuuliza ni kitu gani kimeyeyushwa na kitu gani.

4.0 Namna kioo kinavyopatikana kutokana na vitu vya kuokotwa

Mchanga mweupe ni silika, na silika ndiyo kioo. Tatizo lake ni joto, kwa kuwa ikiwa peke yake huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 1,700 za Selsiasi, kiwango ambacho chombo chenyewe hakiwezi kukihimili. Kwa hiyo huongezwa kitu cha kuishusha, yaani oksidi za kalsiamu, potasiamu au sodiamu. Kisha huongezwa udongo, ambao huleta alumina, ili kioo kikiyeyuka kisiwe chepesi kama maji na kukimbia chombo. Sehemu hizi tatu zikikutana kwa uwiano mzuri huyeyuka kwa joto lililo chini kuliko la kila moja ikiwa peke yake. Mchanganyiko bora wa chokaa, udongo na silika huanza kuyeyuka karibu na nyuzijoto 1,170.

Hapa ndipo Wazo inapoingia. Chokaa yake ni kabonati ya kalsiamu. Mtu haitaji kuingia machimboni kuipata. Kokoto zinazopasuliwa kwa nyundo katika maeneo ya Kunduchi na Tegeta huacha vumbi jingi, na makombe yaliyotupwa ufukoni ni kabonati ileile. Kauri yenyewe, lile kombe, ikisagwa inaweza kuingia katika uji wa kuvikia bakuli la kauri. Neno lililoazimwa kwa sababu ya mwonekano linageuka kuwa kweli kwa malighafi. Matumbawe hai na mikoko havihusiki na havipaswi kuguswa kwa kazi hii. Makombe matupu na mabaki ya kokoto yanatosha.

Majivu ni malighafi ya pili, na hapa lugha ya jikoni inajua zaidi ya kamusi za kemia. Majivu ya kuni na ya mkaa kwa sehemu kubwa ni chokaa pamoja na potasi kidogo. Majivu ya makumbi ya nazi yana potasi nyingi. Majivu ya kapi za mpunga ni jambo jingine kabisa, kwani sehemu yake kubwa ni silika, hivyo hayafanyi kazi ya kuyeyusha, hufanya kazi ya mchanga. Neno majivu linawakusanya wote hawa, lakini mama ntilie anayejua kuwa moto wa makumbi na moto wa mkaa si mmoja ameshafika nusu ya njia ya kuelewa kwa nini majivu yake hayafanani. Magadi, ambayo huuzwa sokoni kwa kulainishia maharage na ambayo hutoka katika maziwa ya bonde la ufa kama Natron, ni sodiamu. Huyeyusha mchanga kwa joto dogo kuliko chokaa, lakini huyeyuka pia katika maji, na kwa hiyo huzama ndani ya chombo badala ya kukaa juu. Wafinyanzi wa kale walilikwepa tatizo hilo kwa kuyeyusha sodiamu na mchanga kwanza, kuvunjavunja kioo kilichopatikana na kukisaga. Siku hizi vipande vya chupa vilivyosagwa vinafanya kazi hiyohiyo, kwa sababu chupa ni mchanga uliokwisha kuyeyushwa kwa sodiamu na chokaa.

Kazi yenyewe ni ya subira. Majivu huchekechwa kuondoa mkaa, hulowekwa, na maji yake humwagwa mara mbili tatu. Maji hayo huchubua mikono. Mashapo hukaushwa, husagwa na kuchekechwa tena. Mawe ya chokaa husagwa yakiwa mabichi, au huchomwa na kuzimwa kwa maji, ila chokaa iliyotoka kuchomwa ni kali na si ya kushikwa kwa mikono mitupu. Udongo mweupe wa Pugu huoshwa ili mchanga utuame, kwa kuwa kaolini ya huko imo katika mawe ya mchanga. Kisha vyote hukorogwa kwa maji hadi kufikia uzito wa tui la kwanza. Hakuna kipimo cha maabara kinachoeleweka upesi zaidi ya hicho kwa mwanafunzi wa pwani: chepesi mno huacha uso wa chombo mkavu kama kifuu, kizito mno huchuruzika. Chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja huchovywa, hukauka kwa dakika chache kwa kuwa udongo hunywa maji, na hurudishwa motoni.

Uwiano hutafutwa kwa majaribio. Nusu ya majivu ya kuni na nusu ya udongo mwekundu wenye chuma ni mahali pazuri pa kuanzia kwa joto la nyuzijoto 1,250 hivi. Tanuri lenye hewa ya kutosha hutoa rangi ya asali au kahawia, na lililobanwa hewa hutoa kijani cha kijivu kutokana na chuma kilekile. Kanuni mashuhuri zaidi katika ufinyanzi wa karne ya 20, inayohusishwa na Mwingereza Bernard Leach, ina sehemu 4 za felispa, 3 za silika, 2 za chokaa na 1 ya kaolini. Kati ya hivyo vinne, vitatu vinapatikana kati ya Wazo na Pugu. Felispa ndiyo haipo, kwa sababu mawe ya pwani si ya jamii hiyo. Itafutwe bara, kwenye miamba ya Uluguru, au nafasi yake ishikwe na majivu na chupa.

5.0 Kwa nini vyungu vya pwani havikuvikwa kioo

Kama malighafi zipo na zimekuwepo, swali la kihistoria haliepukiki. Jibu jepesi, kwamba maarifa hayakuwepo, halisimami mbele ya ushahidi wa vitu vyenyewe.

Vyombo vya kale zaidi vyenye uso wa kioo vilivyopatikana kwa wingi katika miji ya pwani, vya rangi ya feruzi, vilitoka upande wa Iraki na Ghuba ya Uajemi takriban kati ya karne ya 8 na ya 10. Uso wao ulitokana na mchanga na majivu ya mimea ya nchi kavu zenye chumvi. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani na kuchapisha matokeo yake 1974, alionyesha jinsi vyombo vya aina hizo, kisha vya Uajemi, kisha vya China, vinavyofuatana katika matabaka ya mji, sambamba na vyungu vya wenyeji ambavyo daima vilikuwa vingi kuliko vya kigeni. Wenyeji waliishi na vyombo vya kioo kwa karne nyingi na wakaendelea kufinyanga bila kioo.

Sababu ya kwanza ni joko. Joko la wazi, ambamo vyungu hupangwa na kufunikwa kuni, nyasi na vifuu, hufikia nyuzijoto kati ya 600 na 900. Hapo chokaa haiyeyushi mchanga hata kidogo. Moto mkubwa zaidi katika maisha ya pwani ulikuwa wa kuchomea mawe ya matumbawe ili kupata chokaa ya kujengea, na Kiswahili kiliutenga moto huo kwa jina jingine, tanuu. Kugawana kazi kwa joko na tanuu si jambo la asili ya maneno tu, yaani la Kibantu dhidi ya la kigeni. Ni mgawanyo wa matumizi ya moto. Tanuu lilizalisha chokaa kwa ajili ya waashi, joko likazalisha vyungu kwa ajili ya wapishi, na wafinyanzi, ambao kwa kawaida ni wanawake, hawakuwa watu wa tanuu.

Nchini China moto huo ulikutana na mfinyanzi. Padri wa Kifaransa François Xavier d'Entrecolles, katika barua yake ya 1712 kutoka Jingdezhen, alieleza jinsi chokaa iliyokwisha kuchomwa na kuzimwa kwa maji ilivyopangwa matabaka kwa matabaka pamoja na magugu makavu ya jamii ya kangaga, ikachomwa, ikapangwa tena na kuchomwa tena mara kadhaa, hadi ikapatikana unga laini wa kuchanganya na unga wa mawe. Unga huo ndio uliovikwa kauri. Kaolini nayo ilichukua jina lake kutoka kilima cha Gaoling, karibu na mji huohuo. Fundi wa tanuu wa Kunduchi angeutambua mwanzo wa kazi hiyo tangu hatua ya kwanza: mawe, kuni, maji ya kuzimia. Kilichokuwa kigeni kwake kingekuwa kwamba unga ule hauendi ukutani.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba kioo kingeharibu chombo. Mtungi hupoza maji kwa sababu unavuja kidogo. Unyevu unaopenya kwenye uso wake huchukuliwa na upepo na kuondoka na joto. Mtungi uliovikwa kioo ni ndoo nzito. Chungu cha kupikia huwekwa juu ya mafiga, moto ukakipiga upande mmoja na upepo upande mwingine, nacho hudumu kwa sababu udongo wake una chembe kubwa na vitundu vinavyokiacha kitanuke na kunywea. Tabaka la kioo lisilotanuka kwa kiasi kilekile lingepasuka, au lingekipasua chungu.

Nigeria inatoa ushahidi mzuri wa jambo hili. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 Michael Cardew aliendesha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi mjini Abuja, mji unaoitwa leo Suleja, akitumia mawe, majivu na udongo wa eneo hilo, na uzoefu wake wa Afrika Magharibi ukawa msingi wa kitabu alichokichapisha 1969. Mfinyanzi mashuhuri zaidi wa kituo hicho, Ladi Kwali, alifinyanga kwa mkono mitungi ya umbo la kwao Gwari, akaichora mijusi na nyoka, nayo ikavikwa kioo na kuchomwa kwa joto kubwa. Ni kazi nzuri mno, na makumbusho ya Uingereza na ya Nigeria yanazihifadhi. Lakini mitungi hiyo haipozi maji. Ilipopata kioo ilibadilika kutoka chombo cha nyumbani na kuwa kazi ya sanaa, na hakuna aliyejidanganya kuhusu hilo. Kwa mfinyanzi wa Wazo anayetaka kujaribu, funzo la kiufundi ni la wazi: kioo ni kwa ajili ya vikombe, sahani, mabakuli na vigae, mtungi na chungu viachwe.

6.0 Istilahi

Vigezo vya kuunda istilahi vinavyojulikana zaidi katika taaluma ya Kiswahili, vile vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingi, vinadai pamoja na mengine usahihi, uwazi, ufupi na uwezo wa kuzalisha maneno mengine. Kwa kipimo hicho rangi inaanguka kwenye usahihi mara moja, kwa kuwa kuna uso wa kioo usio na rangi kabisa. Mng'aro ni sifa, tena sifa isiyo ya lazima, maana baadhi ya nyuso za kioo ni za kufifia kama ganda la yai. Kutohoa na kusema glezi kunawezekana, na viwandani huenda ndiko mambo yatakakoelekea. Lakini neno hilo halimwambii mwanafunzi chochote, na halina ndugu katika lugha.

Utando lina ndugu. Linatokana na kutanda, kitenzi cha wingu na cha giza: wingu limetanda. Mtendaji hatajwi, kwa sababu hayupo. Hapa sarufi inasema jambo ambalo kemia pia inalisema. Mfinyanzi anapaka au anachovya, na matendo hayo yana mtendaji na mtendwa. Lakini kioo hakipakwi na mtu yeyote. Kioo hutanda chenyewe, motoni, mlango wa tanuri ukiwa umefungwa. Istilahi utando wa kioo kwa hiyo inataja kitu kinachopatikana na pia namna kinavyopatikana. Utando tayari hutumika kwa ngozi nyembamba iliyoshikamana na kitu, kama ile ya jichoni, na maana hiyo ya kushikamana ndiyo inayohitajika.

Kabla ya moto, kitu hicho si kioo na hakistahili jina la kioo. Ni uji. Kiingereza hutumia neno moja kwa hatua zote mbili, na hakuna sababu ya Kiswahili kurithi utata huo. Sentensi "uji umekuwa mzito" na "utando umepasuka" zinataja matatizo mawili ya nyakati mbili, na fundi anayezisikia anajua kama aongeze maji au abadili uwiano.

Istilahi ya kitu kinachoshusha joto la kuyeyuka inahitaji uangalifu zaidi. Neno linalokuja haraka ni kiyeyushi, lakini hilo katika kemia ya Kiswahili limekwisha kuzoeleka kwa kimiminika kinachoyeyusha vitu kama chumvi au sukari. Maji ni kiyeyushi, na maji yamo ndani ya uji uleule. Mkanganyiko ungekuwa wa kila siku. Muundo wa kinasa sauti na kipaza sauti unatoa njia nyepesi: kiyeyusha-mchanga. Neno ni refu, lakini linazuia kosa. Chokaa, majivu ya makumbi na magadi ni viyeyusha-mchanga. Majivu ya kapi za mpunga sicho.

Kuhusu kung'arisha, hakuna haja ya kukifukuza. Kibaki kwa kazi ya kwanza, ile ya kokoto na udongo mbichi, ambayo kwa hakika ni ya kung'arisha. Kazi ya pili, ya maji ya magome, iitwe kuziba, kwa kuwa lengo lake ni vitundu. Ya tatu ni kuvika kioo, na chombo kimevikwa kioo.

Mgawanyo huu unaweza kupimwa kwa maelezo ya kitu kimoja. Katika maandishi ya kawaida bakuli lililokuwa kwenye kaburi la nguzo huelezwa kuwa ni bakuli la Kichina la rangi nyeupe na buluu, lililong'arishwa. Kwa istilahi zilizopendekezwa, maelezo yangesema hivi: bakuli la kauri, mwili wake wa kaolini na unga wa mawe, michoro yake ya buluu ikiwa chini ya utando wa kioo, utando wenyewe ukiwa na chokaa kama kiyeyusha-mchanga, limepachikwa kwenye plasta iliyotengenezwa kwa chokaa ya matumbawe.